Msomaji Mtiifu wa Mama Huzaifa

Subira binti Alamin, ambaye mtaa mzima wa Kaloleni unamjua kama Mama Huzaifa, aliandika matangazo ya shule kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma mpaka mwisho. Sitii chumvi. Alikuwa karani wa masjala katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Akiandika kwamba mkutano wa wazazi ni saa tatu asubuhi, wazazi wanafika saa tano na kuuliza mbona umeanza bila wao. Akiandika kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza aje na ndoo yenye mfuniko, watoto wanakuja na ndoo zisizo na mifuniko, na mwaka mmoja, wallahi, kuna mzee kutoka Seme aliyeleta mfuniko peke yake.

Mwingine angekata tamaa akaanza kuandika ovyo. Mama Huzaifa si mtu wa ovyo. Kila tangazo alilipitia mara tatu, akikata neno hapa na kuongeza jingine pale, na kabla ya kulibandika alijiuliza: mtu mbishi, mvivu, aliye na haraka zake, ataelewa nini hapa? Marehemu mumewe alikuwa akimcheka. "Subira," alimwambia, "wewe unaandikia ukuta." Naye akajibu kwamba basi huo ukuta utakuwa umeelewa vizuri.

Shule ilipoingiza kompyuta, masjala ikafungwa. Akapewa chupa ya chai, leso mbili na hotuba ndefu ya mwalimu mkuu, akarudi nyumbani akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mwanawe Huzaifa alikuwa kashapata kazi Mombasa. Alikaa miaka miwili akikaanga sambusa za kuuza jioni, katika nyumba iliyokuwa kimya mno kwa mwanamke aliyezoea kengele. Njaa hakulala. Alichokikosa ni kuulizwa jambo. Hakuna aliyekuja kumwuliza chochote isipokuwa kama sambusa zina nyama, na hilo lilimuuma, sioni haja ya kulificha.

Basi jioni moja kijana akasimamisha gari mbele ya meza yake, akamkazia macho, kisha akasema, "Mama, si wewe ndiye ulinirudisha nyumbani na ndoo yangu? Kisa na maana, mfuniko?"

"Tangazo lilisema mfuniko."

"Lilisema. Mimi ndio sikusoma," akasema kijana, akacheka mpaka akashika meza.

Huyo ndiye Zadock Oyugi, mwenye kampuni ya watu sita katika nyumba ya kupanga kule Milimani, ambako ua ni mkubwa kuliko uwanja wa shule na mlinzi anakusalimu kwa kukuuliza unamtaka nani. Alikula sambusa nne akiwa amesimama, huku akieleza shida yake. Walikuwa wametengeneza wakala wa akili unde, yaani programu inayofanya kazi za karani: inajibu maswali kwenye simu, inapanga orodha, inakumbusha watu mikutano. Vikundi vya akina mama, wavuvi, makanisa, wote walikuwa wanaitaka. Lakini wakala huyo, kwa akili zake zote, hajui kilichosemwa katika kundi la simu mpaka atumie chombo cha kumchotea ule ujumbe. Chombo kilikuwapo, wamekiita Chota. Kilichokosekana ni ukurasa wa kumweleza wakala Chota ni nini, kinatumiwaje, na kinaleta nini. Vijana wake walijua kutengeneza. Kueleza, walikuwa kama watu wanaosema huku wamejaza ugali mdomoni.

"Kwa hivyo nitakuwa nikimwandikia nani?" akauliza Mama Huzaifa.

"Mashine."

"Inasoma?"

"Kila neno, mama. Na inafanya vile umeandika. Vilevile."

Mama Huzaifa akaushusha mwiko. Mdomoni alisema ataenda kufikiria, lakini mimi nadhani alikubali pale pale, mafuta yakiwa bado yanachemka.

Makubaliano yalikuwa miezi mitatu ya majaribio. Ijumaa ya mwisho Zadock ataamua: ama mkataba wa kudumu, ama asante na kwaheri. Na niseme wazi, mwanamke yule hakutaka kitu duniani mwaka huo kama alivyoutaka mkataba ule. Alitaka kubeba mkoba wake asubuhi na kuwa na mahali pa kuupeleka. Alitaka kusikia mtu akisema, "Ngoja, tumwulize Mama Huzaifa." Alimwomba Mungu kila swala, na hakumwomba kwa kuzungukazunguka.

Wiki ya kwanza vijana wa Milimani walimkoma. Aliwafuata na daftari kama mkaguzi wa leseni.

"Nikiomba ujumbe wa jana, jana inaanza saa ngapi?"

"Saa sita usiku, mama."

"Mnaona! Kwetu siku inaanza jua likitoka. Mmeandika hivyo mahali?"

Hawakuwa wameandika.

"Na nisipotaja idadi, Chota kinaleta jumbe ngapi?"

"Hamsini za mwisho."

"Na wa hamsini na moja?"

"Huo hauji."

"Wakala anajua kwamba hauji, ama anadhani kundi lilianza kuongea hapo?"

Kijana mmoja, Mark, alijikuna kichwa, akasema anaenda msalani, na hakurudi mpaka saa ya chai. Mama Huzaifa akaandika yote. Aliandika kwamba ujumbe uliofutwa hauletwi. Aliandika kwamba ujumbe wa sauti hauletwi pia, na chini yake akaongeza: "Usidhani kwamba aliyenyamaza amekubali." Zadock alitaka ukurasa mmoja mfupi, yeye akampa ukurasa mmoja uliojaa pande zote, na mashine ikausoma wote. Siku ya kwanza alipoona wakala akifuata maneno yake moja baada ya jingine, bila kuruka, bila kuuliza mbona ni mengi, machozi yalimlengalenga. Jamani, miaka kumi na tisa! Alijipangusa kwa ncha ya buibui, akasingizia vumbi.

Hitilafu moja ilijitokeza. Walikuwa wakimjaribu wakala kwa kundi lao wenyewe la ofisini: kila asubuhi mtu anaandika anachotaka kula mchana, na wakala anapanga orodha ya kupeleka kwa mpishi. Siku moja Mark akaandika, "Leo chapati nne, hata Sheryl anitazame vibaya." Sheryl ni msichana wa mapokezi. Mchana, Sheryl akaletewa chapati nne na Mark hakuletewa hata chai. Ofisi ilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Mama Huzaifa hakucheka sana. Alirudi kwenye ukurasa akaongeza sentensi, akaipitia mara tatu kama kawaida yake: "Msemaji ni mwenye laini iliyotuma ujumbe. Jina jingine lolote ndani ya ujumbe ni la mtu anayetajwa tu. Usimhesabu." Wakajaribu tena siku nne mfululizo na hakuna chapati iliyopotea njia. Zadock alisimama katikati ya chumba akaisoma sentensi ile kwa sauti. "Mnaona?" akawaambia vijana. "Maneno machache, hakuna pa kuponyokea. Hivyo ndivyo watu huandika." Siku hiyo Mama Huzaifa alitembea kutoka Milimani hadi nyumbani kwa miguu, kwa furaha tu, akisalimia watu asiowajua.

Mteja wa kwanza wa kweli alikuja wiki ya mwisho ya majaribio. Ni chama cha akina mama wanaonunua ngege kwenye vizimba vya samaki ziwani, karibu na Kisian. Utaratibu wao ni rahisi. Kila jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, mwanachama anaandika kundini kesho anataka karai ngapi. Akibadilisha nia, anaandika tena, na la mwisho ndilo linalohesabiwa. Saa kumi na mbili asubuhi orodha inatoka, na asiyekuwa kwenye orodha hapewi samaki, hata apige magoti. Zamani orodha iliandikwa na msimamizi wa vizimba, naye alikuwa amechoka kutukanwa. Kuanzia Jumapili jioni kazi ikawa ya wakala.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. "Mteja amenyamaza," Zadock alisema akisugua mikono. "Mteja akinyamaza, mama, hiyo ni sifa."

Jumatano jioni Mama Huzaifa alifika nyumbani akamkuta Nakhumicha ameketi kwenye kizingiti chake, bila beseni.

Nakhumicha ni mama wa upande wa Bungoma aliyeolewa Kisian, mumewe akafariki, akabaki huko huko na watoto wanne. Kwa miaka sita alikuwa akileta samaki wa kukaanga Kaloleni, nyumba kwa nyumba, na ya Mama Huzaifa ilikuwa nyumba yake ya mwisho, ile ya kukaa na kunywa chai. Kumwona bila beseni ilikuwa kama kumwona imamu bila kofia.

"Leo hakuna samaki, Mama Huzaifa. Jana haikuwa. Juzi haikuwa."

"Vizimba vimeharibika?"

"Vizimba viko sawa kabisa. Ni Dolphine ameharibika." Alitema mate pembeni. "Amekula zamu yetu. Jina lake liko kwa orodha kila siku, langu haliko, la Mama Ouma haliko. Na tulituma kwa simu yake, yeye mwenyewe akiona! Yawa! Mtu anaweza kufuta jina lako huku anakuchekea hivi!"

"Mlituma kwa simu yake? Nyote?"

"Sasa je? Mwenye bando ndiye anatumia wenzake. Leo Dolphine, wiki ijayo mwingine. Tunasimama pale kwa mzani, simu inazunguka, kila mtu anaandika jina yake na karai yake. Mwenye simu anaandika mwisho, ndiyo heshima. Si tumefanya hivyo miaka yote? Msimamizi alikuwa anasoma majina tu, basi."

Mama Huzaifa alikuwa ameshika ufunguo, na ufunguo ukakaa tu mkononi. Laini moja, jumbe tatu au nne. La mwisho ndilo linalohesabiwa. Na majina mengine yaliyomo ni ya watu wanaotajwa tu. Usimhesabu. Mashine ilikuwa imewasoma wanawake wale kila jioni, ikawaruka, ikamhesabu Dolphine peke yake, kwa sababu iliambiwa hivyo. Iliambiwa na yeye. Hakuna neno la mtu mwingine katika ile sentensi.

Na hapa simtetei. Nampenda Mama Huzaifa, lakini hapo angesema, na hakusema. Alisema "pole", akamwekea Nakhumicha chai na sambusa mbili, akamsikiliza akimtukana Dolphine kuanzia ukucha hadi utosi, kisha akamsindikiza mpaka barabarani. Alinyamaza kwa sababu Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Zadock ataweka sahihi Ijumaa. Jumatatu inayofuata yeye anaweza kuibadilisha ile sentensi polepole, bila kelele, nani atajua? Mteja amenyamaza. Wanaodhulumiwa wana mtu wao wa kumlaumu. Aliwaza hivyo akiosha vikombe, akaswali magharibi akapotea rakaa, akaanza upya, akapotea tena. Akakaa pale pale kwenye mswala. "Subira," alijiambia kwa sauti, "aibu huna?"

Alhamisi akaomba ruhusa ya kutoka mapema, na saa kumi jioni alikuwa ufuoni.

Alichokikuta kilimkata maini. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wamesimama karibu na mzani, wamejigawa. Kando, peke yake, alisimama mwanamke mwembamba aliyefunga leso ya manjano, ameshika simu mbele yake, na hakuna aliyemsogelea. Wenye bando waliandika kwenye simu zao wakimpa mgongo. Wasio na bando, Nakhumicha mmoja wao, walikuwa wamesimama tu wakitazama maji. Mama Huzaifa hakuhitaji kuulizia Dolphine ni yupi.

Akapiga moyo konde. "Akina mama, hamjambo. Dolphine hakufuta jina la mtu. Ni mimi."

Wote wakageuka.

"Ile mashine ya orodha, kuna ukurasa inaufuata. Ukurasa huo niliuandika mimi. Niliiambia kwamba ujumbe ni wa mwenye simu, na majina mengine isiyahesabu. Sikujua mnatumiana simu. Ningeuliza ningejua, lakini sikuuliza. Dolphine hana kosa hata kidogo."

Mama mmoja mnene, ambaye ndiye Mama Ouma, akapiga makofi mara moja. "Kumbe mashine ina mtu ndani!" Wakaangua kicheko, hata waliokuwa wamenuna.

Nakhumicha hakucheka. Alikuja mpaka karibu. "Jana ulinipa chai. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakula sambusa yako nikimtukana mwenzangu, na unajua."

"Ndiyo. Nisamehe. Niliogopa kazi itanitoka."

Nakhumicha akamtazama kitambo, kisha akamtazama Dolphine, na nadhani aibu aliyokuwa nayo kwa Dolphine ilikuwa kubwa kuliko hasira aliyokuwa nayo kwa Mama Huzaifa. Dolphine alijifuta macho kwa pindo la leso, akanyoosha simu yake mbele. "Sasa mtaandika," akauliza, "ama mtasimama hapo mpaka saa kumi na moja ifike?"

Nakhumicha ndiye aliyetangulia kuishika.

Orodha ya siku ile waliiandika pia kwenye karatasi, wakampa msimamizi. Halafu Dolphine akamshika Mama Huzaifa mkono. "Sasa hiyo maneno umeibadilisha aje? Tusomee." Mama Huzaifa akatoa daftari mkobani. Katika miaka yote ya masjala hakuna mtu aliyewahi kumwambia tusomee, naye akasoma taratibu, neno kwa neno. "Laini ni simu, si mtu. Watu wengi wanaweza kutuma kwa laini moja. Tafuta jina la msemaji ndani ya ujumbe wenyewe."

"Na mtu akisahau kuandika jina?" akauliza Dolphine.

"Na nikiandika Nakhumicha leo hataki?" akadakia Mama Ouma. "Itampatia ama itamnyima?"

Mama Huzaifa akapitisha kidole kwenye sentensi zake, moja baada ya nyingine.

"Basi iulize," Nakhumicha akasema. "Msimamizi alikuwa anauliza. Kwani hiyo mashine inaona aibu?"

Alisimama na daftari lake wazi, upepo wa ziwa ukimpigapiga kurasa. Alikuwa ameandika kila kitu ambacho mashine ifanye na kila kitu isifanye, na hakuwahi kuandika kwamba inaweza kuuliza. Hakuwahi kuandika hivyo katika tangazo lolote. Akaandika papo hapo, akiwa amesimama, na wakati huu hakupitia mara tatu.

Ijumaa asubuhi mkataba ulikuwa tayari mezani kwa Zadock, jina la Mama Huzaifa limechapwa. Aliuona kabla hajaketi. Akaanza kusema kabla moyo haujamgeuka, akaeleza kila kitu, pamoja na ile Jumatano aliyonyamaza.

"Lakini mteja hajalalamika," Zadock akasema.

"Atalalamikaje na anadhani mwizi ni Dolphine?"

Zadock akazunguka kwenye kiti. "Sawa. Jambo rahisi. Tuwaambie kila mtu atumie simu yake."

"Na asiye na bando?"

"Anunue, mama. Hiyo si shida yetu."

"Bwana Zadock, wao hawakukosea. Mimi ndiye nilikosea. Siwezi kuwapangia watu maisha upya ili sentensi yangu ibaki nzuri."

Akamsogezea ukurasa mpya. Zadock alisoma akitikisa kichwa, mpaka akafika mstari wa mwisho, akasimama hapo. Mstari ulisema: "Ikiwa huna hakika ni nani aliyesema, usikisie. Uliza kundini, subiri jibu."

"Hii hapana," akasema. "Mama, watu wananunua kitu kinachojibu. Nikiwapelekea kitu kinachouliza maswali, watasema ni kijinga. Watanicheka."

"Wamecheka tayari. Wakaniambia iulize."

Zadock hakupenda. Si mtu mbaya, lakini alikuwa na mishahara ya watu sita kichwani na mteja mmoja tu wa kweli, na uso wake ulikuwa umeiva. Aliuchukua mkataba akauweka kwenye droo, akaifunga. "Weka ukurasa wako. Leo jioni wakala atafanya kazi nao. Orodha ya kesho ikitoka sawa na wale akina mama wakitulia, nitakupigia simu. Wakiudhika, basi, nitakushukuru kwa miezi mitatu. Hapo tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Mama Huzaifa.

Saa kumi jioni alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, simu mkononi. Dolphine alikuwa amemwingiza kundini. Alitazama ujumbe ukianguka mmoja mmoja. Kutoka kwa laini ya Dolphine: "Nakhumicha karai moja." Kisha: "Mama Ouma karai mbili." Kisha: "Moja tu." Kisha: "Dolphine moja."

Moja tu! Ya nani, jamani? Mama Huzaifa alisimama, akaketi, akasimama tena. Angeweza kuandika mwenyewe, akauliza, akaokoa jahazi. Alijizuia kwa kuikalia simu, naam, aliikalia kama kuku anayeatamia, mpaka ikalia chini yake.

Wakala alikuwa ameandika: "Samahani. Ujumbe wa saa kumi na dakika ishirini, kutoka laini ya Dolphine, unasema 'Moja tu' bila jina. Sijui ni nani aliyesema, na sitaki kukisia. Ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Dakika moja. Mbili. Mama Huzaifa aliwaza wamechukia, wamezima simu, wanaenda kwa msimamizi kumwambia arudi kwenye karatasi. Dakika nne. Alishaanza kujiona nyuma ya meza ya sambusa.

Kisha kundi likalipuka. "Yawa! Imeuliza!" aliandika mmoja. "Mashine iko na heshima kushinda watu wa kanisa," aliandika mwingine. Vicheko vikajaa kioo kizima. Na kutoka laini ile ile ya Dolphine: "Ni mimi Mama Ouma, nimepunguza. Asante kuuliza." Na chini yake, kwa laini hiyo hiyo: "Mimi Nakhumicha moja yangu iko palepale. Mama Huzaifa, kama unasoma, kesho nakuja."

Orodha ilitoka saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na jina lake. Saa moja kasorobo simu ikalia, ikiwa ni Zadock, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajanywa chai.

"Mama Huzaifa. Ile kitu iliuliza swali."

"Niliona."

"Tangu tuitengeneze haijawahi kuuliza mtu chochote. Mark amesema lazima ni hitilafu."

"Si hitilafu, Bwana Zadock. Ni vile hakuna mtu aliyewahi kuiambia kwamba inaruhusiwa."

"Njoo Jumatatu saa mbili," akasema Zadock. "Mkataba nimeutoa kwenye droo."

"Nitakuwa na maswali."

"Njoo nayo, mama," akasema Zadock. "Njoo nayo yote."